Mahindi Hayafanani

Mwaka 2011 jarida la Scientific Reports lilichapisha matokeo ya upimaji wa mahindi ya Malawi. Aliyeuongoza ni Allan Chilimba, mtafiti wa kituo cha kilimo cha Chitedze, nje kidogo ya Lilongwe, akishirikiana na wenzake wa Chuo Kikuu cha Nottingham. Walikuwa wakisaka kitu kimoja: seleniamu. Haya ni madini ambayo mwili unayataka kwa kiasi kidogo mno, lakini ukiyakosa, kinga hulegea, tezi ya shingo haifanyi kazi sawasawa, na upungufu ukizidi hata moyo hudhoofika. Nusu ya sampuli zao zilikuwa na chini ya miligramu 0.019 za seleniamu kwa kilo.

Tuitie tarakimu hiyo ndani ya gunia. Gunia la kilo 100 lina punje zaidi ya laki tatu. Seleniamu yote iliyomo humo, ukiweza kuikusanya, ingekuwa miligramu 1.9, uzito wa punje tatu hivi za sukari. Sasa tuitie kwenye sahani. Mtu mzima anahitaji takriban maikrogramu 55 kwa siku. Mwanakijiji wa Malawi hula mahindi yapata gramu 350 kwa siku, na mahindi ya namna hiyo yatampa maikrogramu 6 au 7. Zinazobaki azitafute kwenye samaki, mayai na nyama, vitu ambavyo kwa mkulima wa kawaida havipatikani kila siku.

Kilichowashangaza wapimaji ni kwamba orodha hiyo hiyo ilikuwa na mahindi yenye miligramu 0.533 kwa kilo, zaidi ya mara mia moja ya sampuli iliyokuwa maskini kuliko zote. Nchi ni moja na nafaka ni moja. Ukiyaweka mahindi hayo mawili kiganjani, hakuna jicho litakaloyatenganisha, wala ulimi.

Jibu lilikuwa kwenye udongo. Mahindi yenye seleniamu nyingi yalitoka kwenye ule udongo mweusi wa mfinyanzi ambao Watanzania wengi huuita udongo wa mbuga, unaopasuka nyufa kiangazi na kunasa matairi masika. Malawi unapatikana hasa katika bonde la chini la mto Shire. Udongo huo hauna uchachu, pH yake inapita 6.5, na katika hali hiyo seleniamu hukaa katika umbo linaloyeyuka ndani ya maji, mizizi ikainywa. Kwenye udongo mwekundu wenye uchachu, ambao umetanda sehemu kubwa ya nchi, mambo ni kinyume. Ile kutu ya chuma inayoupa udongo wekundu wake huikamata seleniamu na kuing'ang'ania. Mkulima anaweza kuwa na seleniamu shambani mwake na mahindi yake yasionje. Mahindi ya udongo mweusi yalifikia mara kumi ya yale ya udongo wenye uchachu.

Jambo hili si la Malawi peke yake. Waingereza walilipata kwa njia nyingine. Hadi miaka ya 1970 mkate wao ulitegemea sana ngano ya Marekani Kaskazini, inayolimwa kwenye udongo wenye seleniamu ya kutosha. Walipogeukia ngano yao wenyewe na ya jirani zao wa Ulaya, kiasi cha seleniamu anachokula Mwingereza kilishuka kutoka takriban maikrogramu 60 kwa siku hadi chini ya 40 kufikia miaka ya 1990. Mkate ulibaki na jina na umbo lile lile, na hakuna mlaji aliyetambua chochote. Walioona ni wapimaji.

Hapo ndipo inapobidi tuyaangalie majedwali yetu ya chakula. Tanzania ina lake la mwaka 2008, Kenya ina la 2018. Maofisa lishe huyatumia kupanga mlo wa shule, wa wajawazito, wa wagonjwa. Ukifungua ukurasa wa nafaka utakuta unga wa mahindi una mstari wake, na kila kirutubisho kina tarakimu moja. Zaidi ya hayo, majedwali mengi ya Afrika yamekuwa yakikopa tarakimu za Marekani pale ambapo upimaji wa nyumbani haukuwepo. Jedwali la wizara ya kilimo ya Marekani linasema mahindi yana maikrogramu 15.5 za seleniamu kwa gramu 100. Nusu ya mahindi ya Chilimba hayakufika hata 2. Mtaalamu wa lishe anayeikopa tarakimu ya kwanza kumhesabia mlo mwanakijiji wa Kasungu, Malawi, amemlisha kwenye karatasi mara nane ya kile kilichomo kwenye sahani.

Kwa hiyo sharti kupima. Na kupima kwenyewe si kazi ya kuingiza unga kwenye mashine na kusubiri karatasi itoke.

Kisa cha spektrometa, yaani mashine hiyo ya kupimia, kinaanzia Heidelberg, Ujerumani, ambako Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff waligundua kwamba kila elementi ikipashwa moto hutoa mwanga wa rangi zake yenyewe, na kwa mwanga huo inatambulika popote ilipo. Mwaka 1860 waliichunguza namna hiyo chumvi ya maji ya chemchemi wakakuta elementi ambayo hakuna aliyeijua, sesiamu. Karibu karne moja baadaye, Jumapili moja ya Machi 1952, Alan Walsh wa shirika la utafiti la Australia alikuwa akishughulika na bustani yake ya mboga mjini Melbourne alipozinduka: badala ya kuuangalia mwanga ambao atomu zinautoa, kwa nini asipime mwanga zinaoumeza? Wazo hilo lilizaa mashine ambayo bado utaikuta kwenye maabara nyingi za vyuo vya kilimo vya kwetu. Ina ulimi wa moto na taa maalumu kwa kila elementi: taa ya zinki, taa ya chuma, taa ya kalsiamu. Kwa madini hayo inatosha kabisa, na mwanafunzi mwenye subira atapata tarakimu nzuri. Kwa seleniamu ya maikrogramu 19 kwa kilo, moto wa kawaida hauoni kitu.

Mashine iliyoona ni ile ya plazma yenye kupima uzito wa atomu. Robert Houk, Velmer Fassel na Alan Gray waliitangaza mwaka 1980, na kufikia 1983 ilikuwa inauzwa. Wapimaji huiita kwa herufi zake za Kiingereza, ICP-MS.

Tuifuate sampuli moja. Punje zimekauka, zimechambuliwa, zimesagwa laini, mara nyingi kwa kijimashine cha chuma kisichoshika kutu, kama kile cha kusagia kahawa nyumbani. Kinapanguswa kabla na baada ya kila sampuli, kwa sababu vumbi la sampuli ya jana ni uongo ndani ya sampuli ya leo. Mpimaji anachota unga kidogo, sehemu ya tano ya gramu hivi, anaupima kwenye mizani inayosoma hadi sehemu ya elfu kumi ya gramu, anautia ndani ya chombo cha plastiki ngumu kisicholiwa na asidi, kisha anamimina asidi kali ya nitriki. Chombo kinafungwa na kupashwa katika tanuri la maikrowevu. Wanga, mafuta, protini, vyote vinaunguzwa na asidi. Kikifunguliwa, moshi wa rangi ya hudhurungi unaokereketa koo hutoka na kunyonywa na feni ya kabati, na kinachobaki ni maji maangavu yenye umanjano kidogo. Ugali wote umekwenda. Yamebaki madini.

Maji hayo huongezwa maji mengine yaliyosafishwa kupita kiasi, kisha mrija mwembamba huyavuta na kuyapuliza kama ukungu ndani ya plazma. Plazma ni gesi ya agoni iliyochochewa kwa mawimbi ya redio ikafikia nyuzi elfu sita hadi elfu kumi, joto linalopita la uso wa jua. Ukichungulia kwenye kidirisha chenye kioo cheusi utaona mwenge mweupe wenye zambarau. Humo kila kitu husambaratika kuwa atomu, na atomu hupoteza elektroni na kuwa ioni. Ioni hizo huvutwa kupitia tundu la koni la upana wa milimita moja hivi na kuingia mahali pasipo hewa, ambako huchujwa kwa uzito wake na kuhesabiwa. Zinki ya uzito wa 66, kalsiamu ya 44, seleniamu ya 78, zote ndani ya dakika mbili tatu.

Mwenge huo unakula. Agoni huenda lita 15 hivi kwa dakika, maana yake mtungi wenye lita elfu kumi za gesi unakwisha kwa saa kumi na moja. Umeme ukikatika, mwenge unazimika na kazi inaanza upya. Anayeshangaa kwa nini mashine nyingine za gharama kubwa katika vyuo vyetu zimefunikwa kitambaa aanze kuulizia bei ya mtungi wa agoni na fundi wa kuihudumia. Kununua mashine ni rahisi kuliko kuilisha.

Kuna pia mtego ambao ni wa mashine yenyewe. Seleniamu nyingi duniani ina uzito wa 80. Agoni ina uzito wa 40. Atomu mbili za agoni zikishikana ndani ya plazma, nazo zina uzito wa 80, na mashine haijui tofauti. Itahesabu gesi yake yenyewe na kuiandika seleniamu. Kwa chuma ni vivyo hivyo: chuma kina uzito wa 56, na agoni ya 40 ikishikana na oksijeni ya 16 inapata 56 kamili. Ndiyo maana mashine za sasa zina chumba kidogo njiani ambamo hupulizwa heliamu au haidrojeni ili kuvivunja au kuvipunguza kasi vishikano hivyo vya bandia kabla havijafika kwenye kihesabio, na ndiyo maana wapimaji wa seleniamu huiacha ile ya 80 na kuisoma ya 78, ambayo ni kidogo zaidi lakini haina bughudha kubwa.

Mpimaji mzuri haiamini mashine yake. Katika kila kundi la sampuli huweka vyombo visivyo na unga wowote, asidi na maji tu. Vikisoma zinki, basi zinki hiyo imetoka kwenye asidi, au kwenye glavu, au kwenye vumbi la chumba, na inaondolewa kwenye hesabu. Huweka pia unga uliokwisha kupimwa na kuthibitishwa na wengine, kama ule wa ngano au wa mchele unaouzwa na taasisi ya viwango ya Marekani, NIST. Mashine isipoipata tarakimu iliyoandikwa kwenye kichupa, kundi zima linarudiwa. Wageningen, Uholanzi, kuna mpango wa miaka mingi unaotuma sampuli za mimea kwa maabara za nchi mbalimbali bila kuwaambia kilichomo, kila moja ipime na kurudisha majibu. Ni mtihani, na matokeo yake yanaonyesha nani anapima na nani anabahatisha. Mimi, nikiletewa tarakimu ya maabara, hilo ndilo ningeuliza kwanza, kabla ya kuuliza mashine ni ya kampuni gani.

Lakini hatari iliyo kubwa kuliko zote haimo ndani ya maabara. Imo uwanjani, siku ya kupura.

Waethiopia wana teff, nafaka ndogo kuliko punje ya mchanga mnene, inayopikiwa injera. Kwa miaka mingi teff ilisifiwa kuwa na chuma kingi ajabu. Vitabu vingine viliandika chini ya miligramu 10 kwa gramu 100, vingine vikapita 100. Nafaka gani hiyo inayobadilika kiasi hicho? Siri ni ng'ombe. Teff hutandazwa kwenye uwanja wa udongo uliosawazishwa, ng'ombe wakazungushwa juu yake mpaka punje ziachane na mabua. Kwato zinasaga nafaka na ardhi pamoja. Kwa kuwa punje ni ndogo mno, kupepeta hakuwezi kuondoa vumbi lote.

Hesabu yake inatisha kidogo. Udongo wa kawaida wa nyanda zetu waweza kuwa na chuma asilimia 5, yaani miligramu 50 katika kila gramu. Kilo nzima ya nafaka safi ina chuma miligramu 30 hadi 50. Gramu moja ya vumbi katika kilo ya nafaka, kiasi ambacho hutakiona wala hutakitafuna, inatosha kukipandisha chuma maradufu. Na mashine haisemi uongo hapo: chuma kimo kweli. Ila ni chuma cha uwanjani, hakikupita kwenye mzizi, na kwa sehemu kubwa tumbo halikitumii.

Atakayeshtaki ni titaniamu. Mmea haunyonyi titaniamu ila kiasi kisicho na maana, wakati udongo umejaa. Alumini na vanadiamu nazo zina tabia hiyo. Kwa hiyo mpimaji makini hupima chuma na titaniamu kwa pamoja. Titaniamu ikipanda, ajue anasoma vumbi, na tarakimu ya chuma aitilie alama au aitupe. Njia ya mwongo ni fupi, na hapa ni fupi kweli, kwa sababu shahidi amekaa ndani ya kichupa kile kile. Zinki na seleniamu hazisumbuki sana na vumbi, kwa kuwa udongo hauzizidi nafaka kwa kiasi kikubwa hivyo. Ni chuma ndicho kinachoharibika, na bahati mbaya chuma ndicho kinachoulizwa na kila mtu kwa sababu ya upungufu wa damu.

Tusiwacheke Waethiopia. Mahindi yetu hupigwa fimbo ndani ya gunia juu ya ardhi tupu, huanikwa kando ya barabara ya vumbi, mtama na ulezi hupurwa uani. Halafu tunapeleka mashineni, ambako nyundo za chuma husagika pamoja na nafaka, siku hadi siku, mpaka fundi anapokuja kuzibadilisha. Nyundo zilizopungua zimekwenda wapi? Nyingine tumezila. Mwanafunzi anayechukua unga wa mashineni na kuandika tasnifu juu ya chuma kilichomo kwenye mbegu mpya anaweza kuwa amepima mashine ya kusaga ya kijiji.

Kazi kubwa kuliko zote za namna hii katika ukanda wetu ilichapishwa na jarida la Nature mwaka 2021. Iliongozwa na Dawd Gashu wa Chuo Kikuu cha Addis Ababa, pamoja na watafiti wa Malawi na Uingereza. Kati ya 2017 na 2018 vikundi vyao vilipita mashamba ya Ethiopia na Malawi wakati wa mavuno, wakichukua nafaka na udongo wa shamba lile lile. Sampuli za nafaka zilipita elfu tatu: teff, ngano, mahindi, mtama, shayiri, ulezi. Mashamba yalichaguliwa kwa mpango wa kitakwimu, si kwa urahisi wa barabara, na hilo ndilo lililoipa kazi hiyo uzito. Ramani zilizotoka zinaonyesha seleniamu, zinki, kalsiamu na chuma vikipanda na kushuka kwa umbali wa kilomita makumi au mamia. Katika jimbo la Amhara peke yake, nafaka ya upande wa magharibi ni maskini wa seleniamu kuliko ya mashariki.

Hitimisho lao nalitaja kwa sababu ndilo linalomgusa mkulima: kwa familia inayokula inachovuna, mahali inapoishi panaweza kuwa ndiyo sababu kubwa kuliko zote inayoamua inapata madini kiasi gani kutoka kwenye nafaka. Zingatia maneno inayokula inachovuna. Mkazi wa Dar es Salaam leo anakula mahindi ya Songea, kesho ya Sumbawanga, keshokutwa ya Kibaigwa, na udongo mmoja unafidia upungufu wa mwingine bila yeye kujua. Mkulima wa Songea anakula Songea, mwaka mzima, pamoja na watoto wake. Wastani wa taifa unamfaa yule wa kwanza na kumficha huyu wa pili. Na anayefichwa ndiye anayetafutwa: uchunguzi wa kitaifa wa Malawi wa 2015 na 2016 ulikuta upungufu wa zinki kwa zaidi ya nusu ya watu katika kila kundi lililopimwa, wanawake, wanaume na watoto.

Kuna jambo ambalo spektrometa haiwezi kulisema, nalo ni kiasi gani mwili utachukua. Punje za nafaka zina faiteti, ghala la fosforasi la mbegu, ambayo hukamata zinki na chuma tumboni na kutoka navyo. Watu wa lishe huangalia uwiano wa faiteti na zinki, na ukipita 15 huhesabu kwamba zinki inayofyonzwa ni kidogo. Kuloweka na kuchachusha hupunguza faiteti, jambo ambalo bibi zetu walilifanya kwa uji wa togwa bila kusubiri maabara. Ukikoboa mahindi ukala sembe, faiteti inapungua, lakini kiini na ganda vilivyobeba sehemu kubwa ya zinki na chuma vimeenda kwa kuku. Ugomvi wa dona na sembe hautamalizwa na mashine moja. Kalsiamu nayo inategemea zaidi aina ya nafaka kuliko udongo: ulezi una zaidi ya miligramu 300 kwa gramu 100, mahindi hayafiki hata 20. Hapo hata bila spektrometa ushauri uko wazi.

Kwa wazalishaji wa mbegu wanaohitaji kupima maelfu ya mistari kwa msimu, asidi na agoni ni mzigo. Wao hutumia mashine ya eksirei, ambayo humulika punje nzima ndani ya kikombe na kusoma chuma na zinki kwa dakika moja hivi, bila kuziharibu, kisha punje hizo hizo zikapandwa. Rwanda ilifaidi njia hii katika kuchagua maharagwe yenye chuma kingi, yaliyoanza kutolewa kwa wakulima mwanzoni mwa miaka ya 2010. Udhaifu wake ni huu: eksirei haioni seleniamu ya kiwango cha Malawi, na haiwezi kumkamata vizuri yule shahidi wa vumbi. Sampuli zinazotia shaka lazima zirudi kwenye plazma. Plazma hiyo hiyo, kwa kundi lile lile, husoma pia risasi na kadimiamu, na kwa risasi Codex, chombo cha kimataifa cha viwango vya chakula, imeweka kikomo cha miligramu 0.2 kwa kilo ya nafaka. Msafirishaji wa mahindi kwenda nje analijua hilo kuliko mpishi.

Ukishajua, ufanye nini? Finland ilikuwa na udongo maskini wa seleniamu, na mwaka 1984 serikali iliamua mbolea ya viwandani itiwe seleniamu. Walianza na miligramu 16 kwa kilo ya mbolea ya nafaka. Wakapima, wakaona imezidi, wakashusha hadi 6 mwaka 1990. Wakapima tena, ikawa kidogo, wakapandisha hadi 10 mwaka 1998, kisha 15 mwaka 2007. Hicho ndicho ninachokipenda katika kisa chao: hawakutia mbolea na kuondoka. Seleniamu ikipungua ni shida, ikizidi ni sumu. Huko Enshi, China, mwanzoni mwa miaka ya 1960, wanakijiji waliokula mahindi ya udongo wenye seleniamu iliyopindukia walinyonyoka nywele na kucha. Baina ya pungufu na sumu pana uwazi mdogo, na bila maabara ya kudumu hakuna anayejua yuko upande gani.

Malawi nayo imejaribu. Katika wilaya ya Kasungu, wanawake na watoto walipewa kwa wiki nane unga wa mahindi yaliyokuzwa kwa mbolea yenye seleniamu, wenzao wakapewa wa kawaida, na hakuna kati yao aliyejua anakula upi. Waliokula unga wa mbolea hiyo, seleniamu katika damu yao ilipanda karibu maradufu. Unga ulikuwa wa ugali ule ule wa kila siku.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa wale watakaoandaa matoleo yajayo ya majedwali ya chakula ya Tanzania na Kenya. Kando ya kila tarakimu ya nafaka iandikwe wilaya ilikotoka, aina ya udongo, na kama ilisagwa mashineni au maabara. Tarakimu ya chuma isiyo na titaniamu pembeni yake isichapishwe. Na pale ambapo tarakimu imekopwa Marekani, lisemwe hilo wazi kwenye mstari huo huo, ili ofisa lishe wa wilaya ajue kwamba mahindi anayohesabu si yale wanayokula watu wake.